Majani, Vidonge na Kikombe Namba Kumi na Nne

Wanangu, wiki iliyopita mlipokuja kunisalimu hapa nyumbani, na makoti yenu meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, mliniuliza swali moja na mimi nikawajibu vibaya. Mliuliza: mtu ambaye figo zake zinavuja, ni kipi kinamfaa, vidonge vya hospitali au majani ya wenyeji? Nikasema "vidonge", nikawaagizia soda, tukahamia kwenye habari za mpira. Mlipoondoka niliona haya. Jibu lenyewe si la uongo. Lakini mtu aliyelipata kwa njia niliyolipata mimi hana ruhusa ya kulitamka kwa neno moja halafu akafungua soda. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia, pamoja na lile nililowaficha.

Nilifanya kazi ya labo miaka zaidi ya thelathini hapa Kisangani. Nilipima damu, makohozi na choo, lakini jina langu la utani pale hospitali lilikuwa Papa Mikojo, na sikulichukia. Ninyi mmezikuta bandeleti: mnachovya kikaratasi kwenye kikombe, rangi inageuka, mnaandika. Sisi tulichemsha. Aliyenifundisha ni Papa Zefirini, mzee mfupi aliyekuwa na kovu la moto kwenye kila kidole. Unajaza mkojo kwenye kineli cha kioo karibu kijae, unakishika chini kwa koleo, na moto unaupeleka juu tu. Kwa nini juu tu? Ili chini pabaki kama palivyokuwa, upate cha kulinganisha. Juu pakiingia ukungu mweupe kama ute wa yai unaoanza kuiva, hiyo ni albumini, chakula cha damu kinachotoka mwilini kwa njia isiyo yake. Lakini ngoja. Kabla hujaandika, weka tone la siki. Ukungu ukitoweka, zilikuwa chumvi tu. Ukibaki, mwite daktari.

Mwezi wangu wa kwanza nilisahau siki. Nikamwandikia katekista mmoja kwamba figo zake zimekwisha. Kufika jioni yule mzee alikuwa ameshagawa mbuzi wake kwa watoto na kumsamehe shemeji yake aliyegombana naye miaka mingi. Papa Zefirini alirudia kipimo, ukungu ukatoweka. Mbuzi walirudishwa kwa kelele nyingi. Shemeji alibaki amesamehewa. Tulicheka wote, Papa Zefirini akaniambia, "Mukojo hauna uongo, mwana. Uongo uko ndani ya ile mutu anausoma." Nilidhani anaongelea siki.

Kulikuwa pia na bidoni, yale madumu ya plastiki. Kujua mtu anapoteza kiasi gani, tulimpa bidoni ya lita tano akusanye mkojo wa siku nzima na kutuletea. Baba mmoja alikuwa anatuletea yake, amepanda nyuma ya toleka, ile baiskeli ya abiria tuliyoizoea kabla ya pikipiki kuujaza mji. Kwenye kizuizi mlinzi akamsimamisha, akaona rangi ile nzuri ya dhahabu na povu juu yake, akasema hiyo ni pombe isiyo na ruhusa. Baba akamwambia ukweli. Mlinzi akasema wote wanasema hivyo, akaonja. Tangu siku hiyo kila bidoni ya labo yetu iliandikwa MKOJO kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa mtu wa mzaha. Mzaha ulinipa marafiki kwenye benchi la wagonjwa, na mimi niliupenda kupita kiasi.

Sasa niwaambie habari za Daktari Asani. Alikuwa kijana wa Maniema, mpole, anayeuliza sana. Aliona kwamba wagonjwa wetu wa figo zinazovuja, wale wanaovimba uso asubuhi na miguu jioni, wengi walipitia kwanza kwa Mama Bolumbu, mganga wa majani kule Yanonge. Wengine walikuja wamepungua uvimbe kweli. Daktari hakumtukana yule mama kama tulivyozoea. Alipanda boti akaenda kuongea naye, akarudi na wazo. Tulinganishe. Wagonjwa wanaokubali wachague kikaratasi kwenye kikapu: wengine wapewe prednisoloni, vile vidonge vinavyoziba uvujaji, wengine wapewe dawa ya Mama Bolumbu, na wote tuwapime kila wiki kwa kipimo kimoja. Wakubwa wa hospitali walikubali baada ya vikao vingi.

Mama Bolumbu naye alikubali, kwa sharti moja.

"Mugonjwa akizidiwa na majani yangu, munamupa vidonge siku ileile," alisema. "Musingoje kumaliza maandishi yenu."

Kazi yangu ilikuwa kupima bila kujua. Muuguzi alipokea vikombe kwenye meza ya nje, akaviandika namba, ndipo vikaingia kwangu. Namba ipi ni ya nani, na nani anakunywa nini, ilikuwa kwenye orodha iliyofungwa ndani ya kabati la daktari. "Mtu asiyejua hapendelei," Daktari Asani aliniambia. Sheria nyingine aliirudia mara tatu: kikombe chochote kitakachokuwa kimesafika kisha kikachafuka tena, niache kila kitu, nimpelekee namba hiyo siku ileile kwa miguu yangu mwenyewe.

Siku Mama Bolumbu alipokuja labo mara ya kwanza, nilimchemshia mkojo mbele yake nikingoja ashangae. Hakushangaa.

"Kama ute ya yai," alisema. "Donc hii njo inatoka kwao. Miye nilikuwa naona povu tu, sikujua ni nini." Akanigeukia. "Na miguu yao munaangalia?"

"Hapa ni labo, Mama. Miguu ni kazi ya wengine."

"Miguu inasema maji ilipo," akasema. "Sasa kikombe yako inasema inavujia wapi. Ni mambo mbili."

Wanangu, jibu la swali lenu lote lilikuwa pale, kwenye maneno ya mama yule, na mimi nilikuwa nasafisha kineli nikingoja aondoke.

Kati ya waliochagua vikaratasi alikuwemo Likunde. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, mtu wa kwetu, mzaliwa wa mtoni kama mimi, anakaa Kabondo na mke wake Mama Feza na watoto watatu. Alipokuja mara ya kwanza miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya kazi haviingii, na mkubwa wake alikuwa amemwambia wazi kwamba bila viatu hivyo asisogee karibu na ndege. Alivaa ndala za plastiki alizozipasua pembeni kwa kisu. Kikapu kilimpa vidonge. Sikutakiwa kujua, lakini nani asingejua? Baada ya mwezi viatu viliingia, na uso ukawa duara kama sinia. Ndivyo prednisoloni inavyofanya. Inaziba uvujaji, na inakuja na mambo yake: njaa isiyokwisha, uso wa mwezi, usingizi mchache, mwili unaopokea maradhi mengine kwa urahisi.

Huko Bangboka wenzake walianza kumwita Bwana Mkubwa. Walimwuliza anaiba mizigo ya nani hata ananenepa hivyo. Mke wake, kwa mzaha, alisema ameolewa na mtu mwingine.

Asubuhi moja aliegemea dirisha la labo. Benchi nyuma yake lilikuwa limejaa watu.

"Papa Litale, mbote."

"Mbote, Likunde. Uso huo utahitaji mlango mpana."

Alicheka. Kisha akashusha sauti. "Minauliza tu, Papa. Bale benye kunywa majani, nyuso zao iko kawaida. Jirani yangu ni mumoja wao, miguu yake imekauka na uso haukuvimba. Nikichanganya kidogo, ao nikipumuzisha vidonge nikunywe yale majani, iko mubaya?"

Sikulijua jibu la swali lile. Hilo nawaambia leo. Siku ile sikuuambia hata moyo wangu. Nilijua kuchemsha mkojo, sikujua kwamba mwili ukishaizoea prednisoloni, haiachwi ghafla, kwamba mwili unakuwa umesahau kutengeneza dawa yake wenyewe, na ukiiacha bila kuipunguza polepole unaweza kuanguka kama mtu aliyenyang'anywa fimbo. Ningeweza kusema, "Sijui, ngoja nimwulize docteur." Ofisi yake ilikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Nilisema kwa sauti kubwa, ili benchi lisikie: "Majani? Likunde, umekuwa mbuzi? Mke wako akufunge kamba, akupeleke ukachunge!"

Benchi lote lilicheka. Likunde pia alicheka, akapiga dirisha kwa kiganja, akaenda zake. Hakuniuliza tena kitu chochote.

Wiki tatu baadaye kikombe namba kumi na nne kilichafuka. Kilikuwa safi kama maji ya mvua kwa muda, kama vikombe vingine kadhaa, na sasa nilipokichemsha ukungu ulikuja mzito. Nikaweka siki. Ukungu ulibaki. Nilikitazama, na najua vizuri nilichokifikiri kwa sababu nilikisema kwa mdomo, peke yangu mle ndani: "Haya ndiyo majani ya Mama Bolumbu." Nilikuwa na furaha. Niliandika misalaba minne, alama ya uchafu wa juu kabisa, kwenye daftari na kuendelea na kikombe namba kumi na tano. Sikutembea zile hatua ishirini. Nilijiambia daktari ataona mwisho wa mwezi, na atakapoona, ataacha mambo haya ya kuwaingiza waganga hospitalini. Wiki iliyofuata kumi na nne kilikuja kichafu tena. Misalaba minne.

Alhamisi ya wiki ile Mama Bolumbu alifika, hakutarajiwa. Alikuwa ametoka Yanonge kwa boti, na upindo wa kitenge chake ulikuwa umelowa. Daktari alikuwa akizungukia wagonjwa wodini. Nilimwambia akae kwenye benchi. Alikaa muda mrefu, kisha akaja dirishani.

"Papa, mutu yenu mumoja alikuja kwangu juzi," alisema. "Mwanaume, uso wake duara, ngozi ya tumbo imechanika mistari. Nikajua huyu anakula vidonge. Nikamuuliza, akasema ameacha, anakunywa majani ya jirani, sasa jirani anakataa kumugawia, anataka yake. Nilimukatalia. Nilimwambia, rudia hospitali leo, vile vidonge haviachwi hivi, docteur mwenyewe alinifundisha. Akasema hawezi kurudia, watamucheka tena."

"Jina lake?"

"Hakutaja. Mwambie docteur leo, Papa. Boti yangu inaondoka."

Nilichukua karatasi, nikaandika: *Mama Bolumbu: mgonjwa wa vidonge ameacha.* Nikaikunja nikaiweka kwenye mfuko wa koti. Kazi ilikuwa nyingi. Mchana nilivua koti nikalitundika, nikaenda nyumbani. Ijumaa nilikuwa na ruhusa, tulimzika mjomba wa mke wangu. Jumamosi nilikumbuka ile karatasi nikiwa nimekaa kula, nikasema Jumatatu si mbali.

Jumatatu niliingia wodini na karatasi mkononi, na aliyelala kitanda cha kwanza, na maji ya mshipani yakitiririka, alikuwa Likunde. Alianguka Jumapili mchana uwanjani Bangboka, akiwa na sanduku la mtu begani. Uso ulikuwa bado duara, lakini miguu ilikuwa imekauka kabisa, myembamba. Majani yalikuwa yamefanya kazi yake. Yalikuwa yameondoa maji yote aliyokuwa akiyaona, naye akaamini amepona. Daktari Asani alimpa dawa ya kurudisha kile mwili ulichonyang'anywa, lakini maradhi yalikuwa yameshaingia tumboni na damu ilikuwa imechafuka. Likunde alifariki Jumanne alasiri. Mke wake alikuwa ameshika unyayo wake.

Daktari alifungua ile orodha mbele yangu, na mbele ya namba kumi na nne palikuwa na jina la Likunde.

"Papa Litale, kumi na nne kiligeuka lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Daktari."

"Na hukuniletea?"

"Nilidhani ni cha majani."

Hakupandisha sauti. Alifunga kabati, akaniangalia kama mtoto anavyomwangalia baba yake aliyelewa.

"Na kingekuwa cha majani," alisema, "yule si mtu?"

Ulinganisho ulisimamishwa. Daktari aliandika ripoti yake kwa haki, akaniomba sehemu ya labo niiandike mwenyewe. Niliandika maneno matatu: *kuchelewa kwa taarifa*. Ni maneno mazuri, hayana mtu ndani yake. Baada ya muda alihamishiwa mkoa mwingine na sikumwona tena.

Kwa hiyo, swali lenu. Nitawajibu kwa yale tuliyoyaona, na wagonjwa wetu walikuwa wachache mno kwa mtu kujigamba. Majani ya Mama Bolumbu yaliondoa maji. Miguu ilikauka, macho yalifunguka asubuhi, watu walitembea. Lakini kwa wengi wao ukungu ulibaki kwenye kineli, maana yake figo iliendelea kuvuja chini ya miguu iliyokauka. Mmoja au wawili walisafika, na sijui kama ni majani au ni ugonjwa uliojiondokea, kwa kuwa hufanya hivyo mara nyingine. Vidonge viliziba uvujaji kwa wengi, si kwa wote, na kila aliyezibwa alilipa kwa mwili wake. Wale ambao vidonge havikuwasaidia, hatukuwa na cha kuwapa. Ndiyo, mimi mwenyewe nikivimba nitameza vidonge. Lakini sitasema tena kwamba yule mama alikuwa upande wa ujinga. Katika habari hii yote, mtu aliyemwambia Likunde ukweli ni yeye, na aliyemcheka ni mimi niliyevaa koti.

Majina ya yale majani kwa Kilokele, lugha ya mtoni, nayafahamu. Sitawaandikia, si yangu.

Na mambo ya kazi: mgonjwa akikuuliza kuhusu majani, ujue ameshayanywa au atayanywa kesho. Mwulize anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na uso wako uutulize. Ukiwa hujui, sema hujui. Na kikombe kisicho na jina, kichukulie kuwa ni cha mama yako.

Miaka miwili nilikaa na mzigo ule. Nilipostaafu nilipanda boti nikaenda Yanonge kumwomba Mama Bolumbu msamaha. Nilimkuta akianika mizizi juu ya mkeka, macho yake yameanza kufifia. Nilimweleza yote, ile karatasi, lile koti, Jumamosi. Alisikiliza bila kuacha kugeuza mizizi.

"Miye hukunikosea sana," alisema. "Ulinikalisha kwenye benchi, basi. Bibi ya Likunde umemwambia?"

"Bado, Mama."

"Sasa umekuja Yanonge kufanya nini?"

Nilirudi na boti ileile. Kesho yake nilikwenda Kabondo. Mama Feza alikuwa uani akitwanga pondu, majani ya muhogo. Alinitambua, akaniletea kiti, akaendelea kutwanga wakati nikisema. Nilimwambia kuhusu dirisha, mzaha wa mbuzi, benchi lililocheka. Nilimwambia kuhusu kikombe namba kumi na nne na furaha yangu. Nilipofika kwenye karatasi ya mfukoni, mchi ulisimama.

Kuku walikuja kudonoa majani yaliyomwagika na Mama Feza hakuwafukuza.

"Asubuhi ile nilimwambia aende amuulize docteur," alisema mwishoni. "Akasema hapana, anaona haya mbele ya docteur, ni mutu wa masomo. Akasema, 'Nitauliza Papa Litale. Ni mutu wa kwetu, hawezi kunicheka.'"

Nilitaka kusimama niondoke, nikabaki kitini. Mama Feza alichukua mchi, akatwanga mpaka pondu ikalainika, akaiweka jikoni. Ilipoiva alipakua sahani mbili, moja akaiweka mbele yangu, akakaa kwenye kigoda chake na kunipa kisogo kidogo.

"Kula, Papa," alisema. "Umetoka mbali."

Nikala.